Mwanya Wangu Hauzibwi

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba u mzima na kwamba baridi ya huko imeanza kukuonea huruma. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, na anauliza kama zile soksi alizokutumia unazivaa au umeshawagawia wenzako kama kawaida yako. Mdogo wangu amefaulu mtihani, na sasa hakuna anayeweza kumwambia kitu humu ndani.

Baba, nakuandikia mapema kabla hujaona kwa macho yako. Hivi karibuni, katika stesheni hiyo unayobebea wasafiri mizigo, litabandikwa bango kubwa la kuitangaza nchi yetu. Uso utakaouona hapo ni wangu. Tafadhali usidondoshe sanduku la mtu.

Unajua kazi yangu ni kusafisha picha kwenye kompyuta, katika kampuni iliyopewa zabuni ya kuinadi nchi kwa wageni. Nimefuta nyaya, madimbwi na kuta zilizobambuka rangi. Niliwahi kufuta foleni nzima ya akina mama wenye ndoo bombani, nikapanda maua mahali pao. Bosi wetu, tunayemwita Bwana Taswira kwa sababu hamalizi sentensi bila neno hilo, alinisifu mbele ya wote. Jioni nikamkuta mama kwenye foleni ya maji, na maua yangu hayakumsaidia kitu.

Kwa bango hili walikodiwa warembo, lakini mshauri aliyeletwa kutoka ng'ambo aliwakataa wote, eti wanaonekana kama wanauza sabuni. Ndipo mpiga picha wetu akatoa picha aliyonipiga kwenye ngazi za ofisi siku umeme ulipokatika, nacheka mpaka machozi yananitoka. Mshauri akasema huyu ndiye. Niliulizwa, nikakubali upesi, na sikufichi kwamba kichwa kilinivimba.

Kisha yakaja maelekezo. Niliambiwa nijisafishe mwenyewe: niupunguze weusi wa ngozi na niuzibe mwanya. Bwana Taswira alinieleza kwa upole kwamba mgeni akiona mwanya atadhani nchi haina madaktari wa meno. Nikamwambia kwetu mwanya ni urembo, na kwamba baba yangu aliuona mwanya wa mama kabla hajamwona mama mwenyewe. Akacheka, akasema baba yangu si mtalii. Nikamkumbusha kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Akajibu kwamba aliyetunga methali hiyo hakuwahi kulipa kodi ya ofisi.

Nikakaa, nikaupunguza weusi, nikaziba. Kazi ilikwisha upesi; hata chai isingechemka kwa muda ule. Nilipotazama nikamwona mwanamke mzuri, mwenye meno kama vigae, nisiyemjua kabisa. Nikawaza kwamba baba atapita chini ya bango hilo asubuhi na jioni na mizigo ya watu, na hatanitambua. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Wale akina mama wa bombani niliwafuta bila kuumia, na hilo linanikera, lakini mimi kufutwa kwenye uso wangu nilikataa katakata.

Basi nikairudisha picha ilivyopigwa, weusi wangu na mwanya wangu, nikaipeleka kiwandani ikachapwe. Mabango yalipokwisha kusafirishwa, nikaingia ofisini kwa Bwana Taswira nikamweleza nilichofanya, asije akamwonea mtu mwingine.

Sasa niseme lile lililonifanya niianze barua hii mara kadhaa na kuichana. Bwana Taswira hakupiga kelele. Alitaka niandike kwamba nilikosea nikapeleka picha siyo, nitie sahihi, kazi yangu ibaki. Sikuandika. Sikuwa nimekosea. Amenifukuza kazi, baba. Najua tulikubaliana kwamba mwaka huu utatua mizigo ya watu na kurudi nyumbani, kwa kuwa mimi nina mshahara. Mshahara huo haupo tena. Mama alipoambiwa alinionya nisithubutu kukuomba msamaha kwa ajili ya meno aliyonizaa nayo yeye.

Kwa hiyo sikuombi msamaha. Nakuomba urudi vilevile. Mpiga picha na mimi tunatafuta chumba cha kupigia watu picha, na atakayeingia na kovu atatoka na kovu lake. Tutakula tutakachopata. Hata njaa ikibisha hodi, itatukuta sote nyumbani.

Wasalimie wenzako wote wa stesheni. Mama na mdogo wangu wanakusalimu tena. Na wasafiri wakisimama chini ya bango wakakuuliza nchi ile ikoje, usiwape maneno ya kampuni. Waambie maji yanakatika, umeme unakatika, na huyo anayecheka hapo ni binti yako.

Ni mimi,
Kifungua mimba wako