Jani Kavu kwenye Mkungu

Kwa mjukuu wangu Moraa,

Huku Ekerenyo tu wazima. Ng'ombe amezaa, na nyasi zimeota vizuri kwenye kaburi la babu yako.

Umeuliza kuvunja mkataba kunatofautianaje na kosa la jinai. Mimi nilifunzwa na babu yako. Mnunuzi wetu wa ndizi alikuwa akifunga jani kavu kwenye mkungu aliouchagua shambani, na hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Siku moja nikamwona akifunga majani kwa jirani yetu Kemunto, tena wakicheka. Nikataka kwenda polisi.

"Mama Nyaboke," babu yako akaniuliza, "mikungu yako aliyoifunga hakuichukua?"

"Aliichukua."

"Aliahidi hatanunua kwingine?"

"Hapana."

"Basi hajavunja mkataba. Hata angeuvunja, ungemdai fidia kortini wewe mwenyewe. Polisi watamshika kwa kosa gani, kucheka na Kemunto?"

Nilicheka, ingawa wivu haukuisha. Hata sasa, jioni nikisikia mume wa Kemunto akimwita anywe chai, wivu ule hunirudia. Kemunto hajanikosea kitu, na hakuna korti ya kumshtakia. Naongeza tu sauti ya redio.

Soma vizuri, mama.

Nyanya yako