Tundu la Pili la Mkanda

Les Noyers, karibu na Gannat
Jumapili, 14 Novemba 1926

Mpendwa binti yangu Sylvine,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U mzima? Hiyo Paris inakulisha vizuri, au bado unashinda na kahawa tupu halafu unasema umekula? Na kile kifua ulichokilalamikia mwezi wa tisa, kimepona? Mimi na mama yako mdogo Philomène tu wazima, ukiacha goti langu, nalo nimeshalizoea. Mvua haijanyamaza tangu Sikukuu ya Watakatifu Wote. Kazi ya matandiko ya farasi imepungua sana, maana siku hizi kila mwenye uwezo anataka gari, na wasio na uwezo wananiletea hatamu zilizooza wakitaka nizifufue.

Barua yako niliipata Jumanne. Nilipofika pale ulipoandika kwamba umenunua mkanda wa mahameli wenye bizimu ndogo ya kung'aa, nilimsomea Philomène kwa sauti. Alicheka mpaka supu ikaungua. Mahameli, Sylvine! Wewe mjukuu wa fundi ngozi! Umefunga kinanda cha gurudumu au umefunga kofia? Halafu unaniuliza kwa nini kinakuteleza hadi magotini ukisimama kuwapigia watu wacheze. Ningekuwa mimi hicho kinanda ningekukimbia pia.

Haya, sikiliza, na safari hii ushike. Mkanda wa begani ni wa kubebea tu. Unaokishika kinanda ni ule wa kiunoni, na lazima uwe ngozi ya ng'ombe, tena ya mgongoni. Ya tumboni inavutika, na baada ya miezi mitatu utakuwa na mkanda wa kumfunga mtu mnene. Upana wake vidole vitatu, bizimu iwe ya shaba yenye ulimi mnene. Uanzie chini, karibu na mkono wa kuzungushia, kwa sababu kila unapolizungusha gurudumu unakisukuma kinanda, nacho kinatafuta njia ya kutoroka.

Ukishafunga, simama, achia mikono yote miwili, uiname kama unayeokota sindano. Kikitulia, zungusha mapigo manne ya haraka. Kama yule mbwa wetu, kile kidaraja kinachonguruma chini ya uzi, habweki kwa kila pigo, mkanda umelegea. Usimlaumu mbwa, wala usiulaumu mkono wako. Tena ukishakula usilegeze tundu moja, kama wafanyavyo wapigaji wote, kisha ukasahau kulirudisha. Baba yako alisahau siku ya ubatizo wako, kinanda kikamwangukia padri mguuni.

Wa kwako nimeshaushona, umo ndani ya kifurushi hiki pamoja na barua. Kiuno chako nimekikadiria kwa vile ulivyokuwa mwaka jana. Hayo mahameli mpe mwenye nyumba wako afungie mapazia.

Sasa nimefika penye jambo lililonikalisha mezani tangu tutoke misani. Karatasi mbili nimezichana. Ukiona mwandiko umepinda, usidhani ni divai.

Ndani ya bahasha utakuta na barua ya baba yako. Isome, kisha urudi kwangu.

Umeisoma? Anakwambia amepona. Anakwambia mkanda wake umerudi kwenye tundu la pili, kwamba usisumbuke kuja Noeli na kuacha kazi, uje Pasaka njia zikikauka. Aliniletea niitie kwenye posta, akanisomea mwenyewe, amekaa mbele yangu anatabasamu. Kila neno analiamini. Aliyemfanya aamini ni mimi. Nilifikiria kuichoma barua hiyo nikashindwa, maana ni yake na ni yako.

Unamjua kaka yangu Léonard. Wengine wanakwenda kupimwa kwa daktari, yeye anajipima kwa mkanda wa kinanda. Ule mkanda alishonewa na babu yako, ukatobolewa matundu matano, na kwa miaka thelathini baba yako amefunga la pili, mpaka limerefuka. Mwezi wa sita akahamia la tatu. Baada ya mavuno, la nne. Agosti akawa kwenye la tano, na chakula hakikai tumboni.

Mama yako Clarisse alikuandikia kwamba ni mvurugiko wa tumbo tu. Usimkasirikie. Daktari alimwambia ni uvimbe, na kwamba hauna dawa. Baba yako hakuambiwa. Clarisse alituomba tunyamaze, nasi tukanyamaza.

Mwezi wa tisa akaja karakanani. Kinanda kinamchezacheza mapajani hata kwenye la tano. Nikachukua msharasi.

“Lete hapa nitoboe la sita. Dakika moja tu.”

“Weka chini hicho chuma chako. Baba alitoboa matano.”

“Baba yuko makaburini, Léonard. Mkanda bado uko kazini.”

“Siku nitakapohitaji la sita,” akasema, “mwite na padri.”

Alisema kwa mzaha, lakini uso wake haukuwa na mzaha. Akaniachia mkanda niupake mafuta, akaondoka ameshika ukuta wa ua. Nikabaki nimeukodolea macho. Kisha nikafanya upumbavu wangu. Ule mwisho unaoshikizwa kwenye kinanda nikaufumua, nikakata upana wa vidole viwili, nikaushona tena kwenye matundu yale yale ya babu yako. Uzi nikaupaka nta na masizi ili usionekane mpya. Kazi safi. Katika miaka yote ya ufundi wangu sijashona kitu vizuri namna ile, na sitaki kushona tena.

Kesho yake nikasikia kelele uani. “Philomène! Philomène, njoo uone! La nne!” Alikuwa anamwonyesha kila mtu, hata mbeba barua. Mchana huo alikula kwetu sahani mbili za supu ya kabichi na kipande cha mkate wa viazi. Aliimba. Mimi nilifurahi, Sylvine, siwezi kukudanganya. Nilimwangalia akila nikajiona nimefanya la maana kuliko daktari na padri kwa pamoja. Kwamba ile supu haikukaa, niliambiwa na mama yako baadaye.

Oktoba akakonda zaidi, nikakata tena. Akafunga la tatu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Daktari alipokuja, baba yako alimkatalia mlangoni. “Rudi tu, bwana. Mkanda wangu unaniambia zaidi yako.” Yale matone ya kutuliza maumivu aliyamwaga kwenye jiwe la kuoshea vyombo, kwamba mtu aliyepona hanywi dawa. Maumivu hayakumwagika pamoja nayo. Clarisse anasema usiku baba yako anauma kona ya shuka ili yeye asisikie, naye anasikia. Ningesema ukweli siku hiyo hiyo. Sikusema. Nilijiambia nitasema Jumapili, na Jumapili zimepita tatu.

Tena akakubali kupiga kinanda harusini. Fernande, binti wa mwenye kinu cha kusagia nafaka, mliyesoma naye, anaolewa Jumanne ya tarehe 23, kabla Majilio hayajaanza. Baba yako ameahidi kumtoa nyumbani kwao kwa kinanda na kumtangulia hadi kanisani, kwa miguu, ile njia yote ya matope, kama alivyomtangulia mama yake Fernande. Mwanangu, kutoka kwenu mpaka karakanani kwangu ni kuvuka ua tu, na siku hizi anapumzika njiani mara mbili.

Ijumaa akaja na Clarisse kamshika mkono. Akakaa, akakiweka kinanda mapajani, akafunga mkanda mbele yangu.

“Tazama. La pili! Ursin, nimerudi!”

Akajipiga tumbo. “Nanenepa kama nguruwe wa Krismasi, nawe umenuna. Unaona wivu?”

Sikuwa nimeugusa. Naapa kwa Mungu sikuugusa tangu Oktoba. Niliukagua mshono wangu kwa kucha nikaukuta palepale. Nikamtazama kaka yangu vizuri. Mikono imebaki mifupa, shingo imeingia ndani, lakini tumbo limekaza mpaka ngozi ya mkanda imezama. Nikamtazama Clarisse. Alitazama sakafu. Daktari alishamwambia zamani: tumbo likianza kujaa maji, msihesabu tena miezi, hesabuni wiki.

Nilifungua kinywa nimwambie. Kilichotoka ni kwamba mvua itaendelea. Akacheka, akapiga mapigo machache, na mbwa akabweka sawasawa, maana mkanda ulikuwa umekaza kweli. Akatoa mfukoni ile barua aliyokuandikia akaanza kunisomea.

Nimemwambia mama yako yote jioni ile. Akaniuliza kama ile ngozi niliyoikata ninayo bado. Nikampa vile vipande viwili. Amevitia kwenye mfuko wa aproni.

Kwa hiyo nakuomba, usiitii barua ya baba yako. Usingoje Pasaka, wala usingoje Noeli. Mwambie mwenye ukumbi wako atafute mpigaji mwingine, na akikataa mwachie ukumbi wake. Panda treni ya Alhamisi. Baba yako akikuuliza, sema umekuja kwenye harusi ya Fernande, kwamba rafiki haolewi kila mwaka. Ataamini. Anataka sana kuamini.

Uje na kinanda chako, umekifunga kwa mkanda huu niliokushonea. Siku ya harusi, kama ataweza kusimama, tembea ubavuni kwake na upige anachopiga yeye. Akinyamaza wewe endelea, usigeuke kumtazama. Watu watadhani mlipanga hivyo. Kama hataweza kusimama, mtoe bibi harusi wewe, kisha urudi umpigie baba yako pale kitandani, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kuhusu kumwambia ukweli, mimi nimeshindwa. Nina miaka hamsini na minane na nimeshindwa kumwambia ndugu yangu sentensi moja. Wewe ukifika, ukamtazama, ukaona ni haki yake kujua, mwambie, na useme aliyekata ni mimi. Anitukane akiwa bado na nguvu za kutukana. Ukiona ni afadhali anyamaziwe, akikuonyesha lile tundu la pili mwambie umeliona. Sitakulaumu kwa lolote. Hasira zako niletee mimi, si mama yako, yeye ana mzigo wa kumtosha.

Nisamehe, mwanangu. Nilidhani namfanyia wema.

Nisalimie binamu yako Blaise na mkewe, na umbusu yule mtoto wao ambaye sijamwona. Mwambie Blaise kama anaweza kuja, aje na mtoto. Philomène anakusalimu sana, ameshakutandikia kitanda cha chumba cha juu kwa sababu kwenu mama yako analala kwenye kiti. Bikira Maria akufunike njiani, na Mungu akufikishe upesi.

Ni mimi, baba yako mdogo, ninayekupenda hata ninapokugombeza,

Ursin

Nimeifungua tena bahasha. Baba yako amevuka ua sasa hivi, ameegemea fimbo, mkanda ameushika mkononi. La pili linambana, anataka nimlegezee hadi la kwanza, na anacheka. Achana na Alhamisi, Sylvine. Panda treni yoyote utakayoipata siku ile ile barua hii itakapokufikia.