Mbolea ya Mama Ingoje Mvua

Jumatatu, 13 Oktoba
Mwingi. Vuta hewa na sindano, jaza kachupa, funga, bandika lebo. Boksi ingine, hizi za kufunika mavi zishike hewa yake. Jua limenitandika vibaya. Boma ni ya Abdi, mzee wa Garissa anayenunua mbuzi na kungoja lori za Nairobi. Akipita anacheka: "Msichana wa hewa! Mavi imesema nini leo?" Haijasema kitu. Imekauka kama unga. Tunatafuta N2O, gesi ya mbolea inayoshika joto la dunia vibaya sana. Uholanzi washapima upande wao. Kenya ndio inangojwa. Nchi mbili, na nusu iko kwa hii sindano yangu! Nilijifunza yote kwa simu. Lakini leo hata hiyo hainisisimui. Nimechoka tu.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mbolea ya Abdi hakuna. Lori ya Meru imebeba yote jana. Boksi zangu zimepangwa kando ya ua kama vyombo vya harusi. Nikapiga kelele. Abdi akaniangalia tu. "Mwanangu, mvua iko karibu. Wakulima wa Meru wakungoje wewe?" Nilitaka kumrushia sindano.

Dokta, mkubwa wangu wa Nairobi, amesema kwa simu: imebaki ile ya Makueni. Isiguswe mpaka mvua ya kwanza. Mbolea kavu ikinyeshewa ndio gesi hutoka kwa nguvu. Bila hiyo hakuna cha kulinganisha na Uholanzi. Na mimi sina kazi.

Ile ya Makueni ni ya mama.

Ijumaa, 17 Oktoba
Mwingi, Kitui, Kibwezi, nyumbani karibu na Kambu. Mgongo umekufa. Nimepata mama akishona magunia. Mwethya inakuja kwake Jumatano. Kundi lote la kina mama, leo shamba la huyu, kesho la yule. Watambebea mbolea yote mpaka shamba ya chini kabla ya mvua. Zamu ikikupita unaenda nyuma ya wote.

Sijamwambia. Nimekula nikalala.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimemwambia baada ya kanisa. Niliongea mbio, nikamwonyesha vidio za ng'ombe wa Uholanzi, wanene ajabu. Nikasema nikikosa hii kazi narudi kuuzia watu wa lori machungwa pale Kambu. Akasikiza yote. Halafu: "Na mahindi yangu itakula hiyo vidio?"

Shamba ya chini imechoka. Mwaka jana ilitoa mahindi kama meno ya mtoto. Najua. Nilikula hayo mahindi.

Jumanne, 21 Oktoba
Mama amerudisha zamu yake. Hakuniambia. Nimesikia kwa Mama Nduku, mwenyekiti wa mwethya, akinipigia kelele njiani: "Wewe Mwende! Mbolea yenu ni mgonjwa? Nasikia hairuhusiwi kutoka nje!" Kina mama waliokuwa naye wakacheka wote. Mama pia alicheka, lakini hakuniangalia.

Najichukia. Na nimefurahi. Zote mbili.

Jumatano, 22 Oktoba
Mwethya imeenda kwa jirani. Nyimbo zao zinafika mpaka jikoni kwetu.

Alhamisi, 30 Oktoba
Hakuna mvua. Boksi, sindano, kachupa. Mawingu inakuja mchana, halafu inaenda kwa watu wengine. Mama anaangalia juu, mimi naangalia juu. Hatuombi kitu kimoja. Mimi nataka inyeshe leo. Yeye anataka ikawie, labda zamu imrudie.

Sasa tunaongea mambo ya chumvi na maji tu.

Jumanne, 4 Novemba
IMENYESHA! Alfajiri. Nilitoka mbio bila viatu. Boma inanuka mpaka macho inawasha. Karibu nivunje kachupa kwa haraka, lakini nimejaza zote. Zote! Dokta amesema safi sana.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Akakiweka chini, akachukua jembe. Leo kila mtu huku anapanda. Amepanda shamba ya chini bila mbolea.

Jumamosi, 8 Novemba
Kachupa zimeenda Nairobi. Nimejaribu kubeba mbolea na wilbaro. Imeloa, nzito kama mawe, gurudumu linazama. Safari chache tu nikakaa chini kwa matope.

Hapo ndio nikafikiria. Huku kwetu nani huacha mbolea inyeshewe kwa boma? Abdi aliuza. Majirani walibeba. Hiyo hewa nimepima ni ya mbolea niliyoizuia mimi. Nikampigia Dokta nikamwambia hivyo. Akasema niandike, itawekwa kwa ripoti. Hakukasirika. Heri angekasirika.

Jumapili, 30 Novemba
Mahindi ya jirani imesimama, kijani nzito. Yetu ni kama imeamka na homa.

Jioni tulikaa nje, anachambua mboga ya kunde. Akauliza kuhusu Uholanzi, mara ya kwanza. Mbolea yao huenda wapi? Nikasema inawekwa kwa tangi, msimu ukifika inaenda shambani.

"Na hao, walipopimwa, kuna mtu aliwaambia wasipeleke?"

Nikasema sidhani.

Akaitikia na kichwa, akaendelea kuchambua. Nikavuta sinia katikati yetu, nikachambua na yeye.