Nguzo Nilizikata Mwenyewe

Dundori, Jumamosi jioni, 1958. Baridi, na ukungu tangu asubuhi. Mikono imechubuka hadi kushika kalamu ni kazi, lakini nitaandika.

Nina nyumba.

Tangu mume wangu afariki, mimi na wasichana wangu wawili tumekuwa tukilala jikoni kwa shemeji yangu Kamau. Kwetu nguzo za nyumba hukatwa na mwanamume, na Kamau alikataa katakata kunikatia. "Nguzo ya nini? Wewe kuwa bibi yangu, maneno iishe." Bibi anaye tayari, Wangari, na wala hakuona haya kuyasema hayo mbele yake.

Nilikasirika.

Mwezi uliopita nikilima viazi, jembe liligonga chuma. Shoka kuukuu, limeliwa na kutu, kipande cha mpini kimeozea ndani ya tundu. Kamau alitaka kulitupa motoni ili ule mti uungue utoke. Nikamnyang'anya. Shoka likipikwa hivyo, makali yake hulainika, halifai tena. Nililichokoa tundu kwa msumari, nikasugua kutu kwa mchanga na mafuta ya taa, nikalinoa kwenye jiwe la mtoni mpaka likanyoa nywele za mkono wangu. Mpini niliuchonga wa mutamaiyu, mti mgumu usio na mchezo, nikaukaza kwa kabari.

Msimamizi wa shamba tunalofanyia kazi aliniruhusu kukata miti ya bondeni. Wa kwanza ulinitoa jasho na machozi. Wa pili niliuangusha nikicheka. Wanaume waliopita walinicheka pia. Wacheke, meno ni yao.

Leo tumejenga. Kwetu nyumba ikianzwa asubuhi lazima iezekwe na moto uwake ndani kabla ya giza, la sivyo inaachwa, hailali mtu. Kamau alilijua hilo. Alikaa kwenye kigoda uwanjani kwake, akingoja tushindwe. Wanawake wenzangu wa shambani walichimba mashimo, tukasimamisha nguzo. Alasiri mvua ikatishia kunyesha, paa bado tupu. Wale wale waliocheka wakaona aibu, wakapanda kufunga fito, sisi tukawarushia nyasi.

Tukamaliza. Ukabaki moto.

Siku ya kuhamia hauwashwi kwa kiberiti. Huletwa kutoka nyumba uliyotoka. Yaani jikoni kwa Kamau. Kumpigia magoti sikuwa tayari. Nilisimama mlangoni giza likikaribia, nikasema moyoni, basi, heri ibaki baridi.

Ndipo Wangari akatoka jikoni na makaa kwenye kigae.

"Wangari! Rudi hapa!" Kamau alipaza sauti. Wangari hakugeuka. Alipita mbele ya kigoda chake, akavuka uwanja, akaingia kwangu, akainama akapuliza mpaka moto ukashika.

Bado yuko hapa. Tunangoja chai ichemke. Akitaka kulala, nafasi ipo.