Piros Asionje Shayiri ya Zeus

Siku ya Athena, tarehe 3 mwezi wa Skiroforioni

Nimepata cheo! Binamu Onetori ameteguka mguu akishuka mzeituni, na katika ukoo wetu hakuna mwanamume mwingine mwenye miguu mizima na asiye na kesi mahakamani. Basi shoka limeniangukia mimi. Tarehe 14, mbele ya mji mzima, nitamuua maksai wa Zeus kule mlimani, nitupe shoka, nitoroke kama muuaji bila kugeuka nyuma. Mimi! Ambaye nikipanda ngazi ya ghalani napumzika katikati.

Mke wangu Timarete amenitazama toka kichwani hadi miguuni, akakawia kidogo hapo tumboni. "Kuua utaweza, Baba Kleito," akasema. "Wasiwasi wangu ni kule kukimbia."

Siku ya Herme na Afrodite, tarehe 4

Leo imepigwa kura ya vitongoji vitakavyopeleka maksai. Sita watazungushwa kwenye meza ya shaba iliyowekwa shayiri, na atakayeonja wa kwanza amejichagua mwenyewe. Sheria ni ya zamani na ni fupi: maksai aliyeonja shayiri ya Zeus ni wa Zeus. Kitongoji chetu kitampeleka Piros.

Piros wangu! Miaka tisa tunalima pamoja. Alikula kofia yangu. Alikula mkeka wa mama mkwe, naye mama mkwe akiwa bado hajainuka vizuri. Mwaka jana alikula kikapu kitupu — kitupu! — kwa kuwa kiliwahi kubeba shayiri. Wale watano wengine wabaki tu makwao, wasichoshe miguu.

Nimemwomba Herme anigawie ujanja, maana anao mwingi na mwingine ni wa wizi. Halafu, kwa kuwa siku ni ya wawili, nikamwomba Afrodite amtie Piros mapenzi makali, asitamani chakula. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba Piros ni maksai. Samahani, Afrodite.

Siku ya Artemi, tarehe 6

Artemi huwahurumia wanyama. Nikampelekea mkate wa asali, nikauweka vizuri juu ya jiwe, nikafumba macho niombe. Nilipofumbua, Piros alikuwa analamba jiwe.

Siku ya Apolo, tarehe 7

Mazoezi ya kukimbia. Toka kisimani hadi kwenye mtini, mara mbili. Mara ya pili nilitembea. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akataka kujua ni mdai gani huyo anayenifukuza, maana hamwoni. Nikampungia mkono tu, pumzi sina.

Piros naye akaja mbio nyuma yangu. Akiniona naondoka anadhani kazi imekwisha, tunakwenda nyumbani kula. Apolo, wewe ni kijana na una miguu mizuri, lakini usicheke.

Siku ya Poseidoni, tarehe 8

Huyu ni wa farasi na matetemeko. Nimeomba kwa ufupi, nikaondoka kwa adabu.

Sikukuu ya Demetra, tarehe 12

Leo wanawake walikuwa kwenye mambo yao ya Demetra, ambayo sisi hatuulizi. Tunachojua ni kwamba wanakula kitunguu saumu kwa wingi, ili waume wakae mbali. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na bado nilisogea hadi uani.

Timarete akapita moja kwa moja hadi zizini. Yule ng'ombe ni wake kuliko wangu; mama yake alikufa akimzaa, na Timarete ndiye aliyemlea kwa maziwa ya mkononi. Akamshika pembe, akaegemeza kichwa chake kwenye pua yake, akaanza kumwambia maneno. Nadhani alikuwa anamuaga. Piros akarudisha kichwa nyuma, pua yote inanuka kitunguu saumu. Nikamletea shayiri: akageuza uso. Piros! Akageuza uso!

Tukatazamana. Timarete akakaa chini kwenye majani, akacheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani.

Nikasema, tutamkosea Zeus.

"Shayiri ni ya Demetra," akasema, "na kitunguu saumu ni cha sikukuu ya Demetra. Zeus akitaka kesi, akamalizane na dada yake."

Siku ya Zeus, tarehe 14

Naandika haya kwenye matete ya mto Iliso, juu ya kigae cha mtungi.

Alfajiri tulimpaka Piros kitunguu saumu pua yote. Mzunguko wa kwanza akapita meza kama mfalme aliyeshiba. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu yule mweupe wa watu wa Akarnai akatoa ulimi — nikapiga. Mara moja tu. Sidhani kama alijua. Nikatupa shoka, nikaikumba meza, nikakimbia.

Nyuma yangu vishindo. Sheria inakataza kugeuka. Nikasema kijana gani huyu mwenye mapafu hivi, nikaongeza mwendo — naapa, niliongeza! Nikahisi pumzi shingoni. Kitunguu saumu.

Mji mzima ulicheka. Mpaka wapiga filimbi.

Sasa huko juu kesi ya nani kamuua maksai inaendelea. Wachota maji watawasingizia wanoa shoka, wanoa shoka watamsingizia aliyelitoa, naye atanisingizia mimi nisiyekuwepo. Mwisho shoka litatiwa hatiani, litupwe baharini. Ni hivyo kila mwaka. Mimi nitakwenda nyumbani, na Piros atakwenda nami. Nimecheka peke yangu hapa kama mwendawazimu.

Ila Piros ameingia mtoni, ameosha pua. Na nilipoikumba ile meza, mikunjo ya nguo yangu ilijaa punje za shayiri. Piros ameziona kabla yangu.

Namsikia Onetori anachechemea ng'ambo ya matete, anaita jina langu. Kuhani wa Zeus yupo naye. Nimemwambia Piros ameze haraka. Amefumba macho, anatafuna taratibu.