Mwezi Aliozaliwa Neema

Jumapili, jioni

Wewe mwanamke, wiki tatu hujafungua daftari hili! Neema alikufundisha herufi kwa taabu, hapa hapa mezani, ili uziache zioze? Haya, andika. Leo umeharibu.

Mjukuu wangu Neema kacheza vizuri mno kwenye mashindano ya klabu ya walio chini ya miaka kumi na sita, ule mpira wa Waairishi wa kushika kwa mikono na kupiga teke. Jumapili ijayo ni fainali. Kocha wake akaja kunipongeza, akasema mtoto ni mrefu kuliko wote.

Nami, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nikajigamba. Nikamwambia ni mkubwa huyo kuliko karatasi zake zinavyosema, ile tarehe ya kuzaliwa, moja Januari, ni ya karani wa kambi ya wakimbizi, aliwaandikia watoto wote hiyo hiyo. Neema nilimpokea mimi kwa mikono hii, watu wakivuna maharagwe, miezi sita kabla ya hiyo Januari.

Kocha akaacha kucheka. Akasema ataulizia.

Miezi sita hiyo inamtoa kwenye timu? Sijui mambo ya makaratasi. Na wakimwambia arudishe jezi...

Kwenye treni ya kurudi nyumbani St Marys, Neema akaniegemea bega, akaniuliza kama nitakuja fainali. "You'll come to the final, yeah, Nyanya?"

"Kula chapati yako," nikamjibu.

Sasa anasafisha viatu vyake bafuni, anaimba.

Ukirudi kwenye daftari hili, usiandike hata neno moja kabla hujamwambia mtoto huyo kwamba mdomo ulikuwa wako.