Beki Asiyepaza Sauti

Jumatatu, 24 Novemba

Mazoezi asubuhi tena. Ukungu ulishuka mpaka kwenye nyasi, goli la pili halikuonekana. Newala kuna baridi kuliko kwetu Chiungutwa. Nimekimbia vizuri. Mipira ya juu nimepiga kichwa yote. Kocha hakusifu chochote. Aliniuliza tu, "Somoe, una mdomo wewe?" Nikasema ninao. Akasema hajausikia.

Niko kwenye majaribio wiki hii na ijayo. Wakinipenda nitasaini mkataba na kuwa mchezaji wa timu ya ligi, kazi kabisa, na mshahara. Wasiponipenda nitarudi nyumbani kuokota korosho na mama. Si kazi mbaya. Ila nimemaliza kidato cha nne mwezi huu na kitu ninachokitaka ni hiki tu.

Jumatano, 26 Novemba

Beki wa kati lazima aongee. Kocha amerudia leo mbele ya wote. Nimwambie kipa atoke au abaki. Nimwambie winga arudi.

Tatizo ni kipa mwenyewe. Ni Mama Zuhura. Mtoto wake yuko darasa la tano. Kila asubuhi namwamkia shikamoo huku nimekunja magoti, naye anaitikia, "Marahaba, mwanangu." Jioni nimpigie kelele vipi? Hata mama yangu sijawahi kumwambia "toka".

Fatu, winga wetu, ninayelala naye chumba kimoja, ameniita Bubu. Wengine wamelidaka jina. Nilicheka nao. Sikupenda.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimeharibu.

Mechi ya kirafiki na wasichana wa Tandahimba. Ulikuja mpira mrefu, ukadunda kati yangu na Mama Zuhura. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikasimama. Nikampisha, kama ninavyompisha mkubwa mlangoni. Naye akasimama, akingoja nipige. Msichana wa Tandahimba akapita katikati yetu, akafunga.

Watu walicheka, hata waliopanda miti. Mmoja akapiga kelele, "Karibu mgeni, na chai ipo!"

Nikasema, "Samahani, mama." Kocha akashika kichwa. Baadaye aliniita pembeni, akasema kwa upole, "Uwanjani hakuna shikamoo, Somoe." Najua. Kujua hakunisaidii. Jumamosi ijayo tunacheza na timu ya Masasi. Amesema baada ya hapo ataamua.

Jumapili, 30 Novemba

Nilienda peke yangu kwenye mikorosho nyuma ya nyumba tunayokaa. Nikajaribu kupiga kelele. "Toka!" Sauti ikatoka nyembamba. Mbuzi aliinua kichwa, akanitazama, akaendelea kula.

Nimelia kidogo.

Jumanne, 2 Desemba

Nimempigia mama simu. Nimemweleza yote. Hakunipa pole. Aliuliza huyo Mama Zuhura ni wa wapi na mama yake ni nani. Sikujua. "Unaishi na mtu hujui kwao?" Mama amezaliwa huku juu Umakondeni, kwake mtu huanzia kwao.

Nikaenda kumuuliza, simu ikiwa bado hewani, macho kwenye viatu vyangu. Mama Zuhura akaninyang'anya simu, wakaongea Kimakonde, wakataja majina ya watu waliokufa zamani, mara wakaanza kucheka. Kumbe mama yake Mama Zuhura ndiye mdogo wa mwisho wa yule mama aliyemzaa bibi yangu mzaa mama. Kwa hiyo yeye ni mdogo wake bibi. Hajawahi kuwa mama yangu. Ni bibi yangu.

Alinirudishia simu, akaniangalia juu mpaka chini. "We mjukuu! Siku zote unaninyenyekea kama mkwe, kumbe una haki ya kunitukana!"

Mama namwogopa. Bibi simwogopi. Bibi yangu wa Chiungutwa namwita kikongwe mbele ya wageni na yeye hunitupia kandambili. Kwetu bibi ni wa kutaniwa.

Lakini huyu mbona hana hata mvi?

Ijumaa, 5 Desemba

Jana mdomo uligoma. Juzi pia.

Leo ulikuja mpira wa kona, nikasikia mtu anasema, "Toka bibi, au magoti yamekufa?" Kumbe ni mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mama Zuhura akatoka, akaudaka, akajibu, "Yamekufa kwa kukubeba wewe, mjukuu mzito!"

Wakacheka wote. Fatu akapiga kelele, "Bubu kasema!"

Kocha hakucheka. Alisema, "Tena."

Jumamosi, 6 Desemba

Masasi wana mbio. Mvua ilianza mapema, uwanja ukawa mzito. Tulipata bao kipindi cha kwanza, halafu tukashambuliwa mpaka mwisho. Niliongea. Mwanzo na bibi tu. "Kaa, bibi!" "Njoo, bibi!" Mashabiki wa Masasi wakauliza huyo kipa amezaliwa mwaka gani.

Karibu na mwisho ukaja mpira mrefu kati yetu, kama ule wa Tandahimba. "Kaa bibi, wangu!" Akakaa. Niliupiga mpaka barabarani, mwenye bodaboda akaruka.

Halafu nikamwona mtu wa Masasi yuko peke yake upande wa Fatu. Nikamwambia Fatu arudi. Kwa ukali. Fatu si bibi yangu. Alirudi.

Tumeshinda. Kocha alipita karibu yangu akikunja koti lake la mvua. "Kesho usifungashe nguo," akasema, akaenda zake.

Jumapili, 7 Desemba

Nimesaini. Jina langu linasomeka.

Sauti imekauka kabisa. Asubuhi nilimwamkia bibi kwa kunong'ona. Akaniambia ninyamaze, nisije nikaimaliza kabla ya ligi.

Mama alipiga simu mchana. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Bibi akaichukua. "Mwanao yupo," alisema. "Amepiga kelele mpaka ameishiwa." Akamsimulia mechi yote polepole, na pale aliposahau nilimwonyesha kwa mikono.

Nje mvua ndogo. Nimekaa kwenye mkeka karibu yake, nasikiliza.